Walioketi Mkekani

Kabla jua halijachungulia juu ya minazi ya Mwabungo, Bibi Mwanatumu huwa ameshaweka chuma cha vitumbua motoni. Mjukuu wake, Mwanarusi, huamshwa na harufu ya iliki kabla ya kuamshwa na sauti ya mtu. Huoga, huvaa sare, kisha hupanga vitumbua ndani ya ndoo yenye kifuniko na kuvipeleka dukani kwa Mzee Abdulrahim, njiani kwenda shuleni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo huko Maskati?"

"Hajambo."

Mwanarusi huiweka ndoo juu ya kaunta na kutoka haraka, asije akaulizwa swali la pili. La pili huwa ni gumu. La pili huwa ni, "Atarudi lini?"

Zamani walikuwa wakikaa Kisauni, Mombasa, yeye na mama yake, katika chumba kimoja chenye dirisha la buluu. Mama alipopata kazi ya nyumbani huko Maskati, chumba kilirudishwa kwa mwenyewe, godoro likauzwa, na Mwanarusi akaletwa kwa bibi yake na begi lake moja. Aliingia Gredi ya Saba katika shule ambayo kila mtoto alikuwa ameshapata wa kukaa naye. Yeye alipewa dawati la nyuma, karibu na dirisha lisilofungika.

Njiani kwenda shule, kila asubuhi, kulikuwa na sauti iliyomfuata.

"Mwanarusi! Ningoje twende sote!"

Ilikuwa sauti ya Mbodze, msichana wa darasa lake. Naye alikuwa mgeni pale. Kwao ni Kinango, kwa wafugaji, na hapa Mwabungo alikaa kwa shangazi yake. Mwanarusi aliisikia sauti ile vizuri sana. Lakini aliinamisha kichwa, akaongeza mwendo, na sauti ikaishia huko nyuma kama moto usiotiwa kuni.

Jioni, baada ya swala ya magharibi, Bibi Mwanatumu hutandika mkeka uani. Ni mkeka wa ukili aliousuka mwenyewe, wenye mistari ya zambarau. Huketi, hunyoosha miguu, huguna kidogo kwa ajili ya magoti, kisha huita:

"Kitendawili!"

Kimya. Mwanarusi huwa ameketi kizingitini, simu mkononi, akitazama ujumbe aliomtumia mama yake, ambao bado haujajibiwa. Mama hupata nafasi ya kupiga Ijumaa tu, tena kwa dakika chache.

"Haya, tega," Bibi hujiitikia mwenyewe. "Nikimwita, huniita. Nikinyamaza, hunyamaza. Nani huyo?"

Nyenje hulia gizani. Bibi hungoja kidogo, hucheka peke yake, kisha huchukua ukili wake na kuendelea kusuka. Hamgombezi mjukuu wake. Lakini kila jioni huutandika mkeka ule ule, na huacha nafasi ya mtu mmoja.

Shuleni palikuwa na jambo moja tu lililomfanya Mwanarusi ainue kichwa, nalo ni chama cha kompyuta. Mwalimu Caroline, aliyetoka bara na kuhamia Ukunda, ndiye aliyekisimamia. Siku moja alisimama mbele yao akiwa na uso wa furaha.

"Sikilizeni, jamani. Kutakuwa na maonyesho ya shule huko Matuga. Chama chetu kitapeleka programu moja. Nitawarekodi watakaoionyesha, na wazazi watatumiwa video kwenye simu zao. Nani ana wazo?"

Wazazi watatumiwa video! Moyo wa Mwanarusi uliruka. Kabla hajajizuia, mkono wake ulikuwa umeshapanda juu.

"Mimi, Mwalimu. Nitatengeneza mchezo wa vitendawili. Bibi anaita 'Kitendawili!', na wajukuu zake wote wanaitikia 'Tega!' Kule Mombasa tulikuwa tukifanya hivyo kila siku."

Hilo la kila siku lilikuwa limetiwa chumvi, lakini mchezo wenyewe aliwahi kuutengeneza kweli. Kule Kisauni walitumia lugha ya kompyuta iitwayo Scratch. Katika Scratch huandiki sana. Unaunganisha vipande vya rangi, kimoja chini ya kingine. Na kipo kipande kimoja alichokipenda kuliko vyote, kipande cha kutangaza. Mhusika mmoja akitangaza neno, kila mhusika aliyeambiwa "ukisikia neno hili, fanya hivi" huamka na kufanya lake. Mwitaji hahitaji kujua walioko ni nani wala ni wangapi. Yeye huita tu, wakaitika.

Shule hii ya Mwabungo ilitumia lugha nyingine, Python. Hapa maagizo huandikwa kwa maneno, mstari baada ya mstari, na kipande kile cha kutangaza hakikuwekwa mezani tayari kama sahani ya mgeni.

"Hakipo, Mwalimu," alisema Mwanarusi baada ya kutafuta.

"Kila lugha ina vyombo vyake," alijibu Mwalimu Caroline. "Ukikikosa chombo ulichokizoea, kitengeneze kwa vile ulivyo navyo. Utaweza?"

"Nitaweza."

Akaanza. Aliandika maagizo ya mjukuu wa kwanza, Kobe: akisikia mwito, aseme "Tega!" Akaandika ya Kunguru, akaandika ya Paka. Kisha akaandika ya Bibi, aite. Akabonyeza. Kwenye skrini yakatokea maneno haya:

Bibi: Kitendawili!

Basi. Hakuna aliyeitikia. Akabonyeza tena. Bibi akaita tena, peke yake, kwenye skrini nyeusi.

Ramadhani, mvulana mwenye ulimi mwepesi, alichungulia begani pake. "Jamani, njooni muone! Bibi wa Mombasa ana wajukuu viziwi!"

Darasa likaangua kicheko. Husna, aliyekuwa akitengeneza programu ya kuhesabu mvua, alicheka mpaka akashika mbavu. Mwanarusi alikifunga kifuniko cha kompyuta, masikio yakiwaka moto. Mbodze peke yake hakucheka. Alisogea na kuuliza, "Kwani hao wengine wanajuaje kwamba wameitwa?" Lakini Mwanarusi alishageukia dirishani.

Siku zilikwenda, na mwito haukupatikana. Hapo ndipo shetani alipomletea njia ya mkato. Alifuta kazi yake yote, akaandika upya kila kitu kwa mpango mmoja: Bibi aseme "Kitendawili!", kompyuta ingoje kidogo, Kobe aseme "Tega!", ingoje kidogo, Kunguru aseme "Tega!", ingoje, kisha Paka. Hakuna aliyemwita mwenziwe wala aliyemsikia. Ilikuwa kama watu waliokaririshwa salamu, wakiitoa hata kama mlangoni hakuna mgeni. Lakini mtazamaji asingejua.

Alipoionyesha, darasa likapiga makofi.

"Umeutengeneza ule mwito wa Scratch ndani ya Python?" aliuliza Mwalimu Caroline.

Mwanarusi aliinamia kibodi. "Ndiyo, Mwalimu."

"Vizuri sana! Basi Ijumaa tutaujaribu."

Ijumaa ikafika. Mwalimu Caroline akamwita Ramadhani mbele. "Ongeza mhusika mmoja. Mwambie naye aitikie mwito wa Bibi. Kama mwito upo kweli, ni kazi ndogo."

Ramadhani akamwandika Punda, akampa neno lake la kuitikia, akabonyeza. Bibi akaita. Kobe akaitikia, Kunguru akaitikia, Paka akaitikia. Punda kimya.

"Sasa mtoe Kobe," alisema Mwalimu.

Kobe akatolewa. Bibi akaita, kisha pakawa na kimya kirefu, pale pale ambapo Kobe angesema. Halafu Kunguru akaitikia kana kwamba hakuna lililotokea. Mwalimu Caroline aliinama, akasoma mistari kutoka juu hadi chini.

"Mwanarusi, mwito uko wapi?"

"Ni... ni kompyuta hii, Mwalimu. Ni mbovu."

"Mbovu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu Caroline alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Mwanarusi zaidi ya hasira. "Jumatatu niletee mwito," alisema kwa sauti ya chini. "Ukishindwa, niletee ukweli. Vyote viwili nitavipokea. Lakini Matuga siwezi kupeleka kitu kisichokuwepo. Husna, wewe kaa tayari na programu yako."

Jioni ile mama alipiga simu. Mtandao ulikatika mara mbili. Mwanarusi alitaka kumwambia yote, lakini Mama akauliza, "Umeshapata marafiki huko, mwanangu?" naye akajibu, "Wengi, Mama." Ule ulikuwa uwongo wa tatu katika wiki moja. Simu ilipokwisha, alibaki ameibana sikioni ingawa haikuwa ikisema kitu. Uani, Bibi aliita, "Kitendawili!" na akajiitikia mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, Mwanarusi aliketi kizingitini na vifuu vinne vya nazi. Kompyuta zilikuwa zimefungiwa shuleni, kwa hiyo alivifanya vifuu kuwa wahusika wake. Kimoja Bibi, kimoja Kobe, kimoja Kunguru, kimoja Paka. Alivipanga, akavipangua, asipate jibu.

"Hodi hapa!"

"Hodi hiyo, karibu!" Bibi aliitikia kutoka jikoni. "Karibu ndani!"

Akaingia Mbodze, ameshika sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Wiki ile Bibi Mwanatumu alikuwa amempelekea shangazi yake vitumbua, na sahani ya jirani hairudi tupu.

"Shikamoo, bibi. Shangazi ameleta kunde za Kinango. Anasema ahsante sana."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie nimezipokea kwa mikono miwili. Keti basi, unywe chai."

Mbodze hakuketi kwenye mkeka, uliokuwa bado umetandikwa uani tangu jana jioni. Alichuchumaa karibu na kizingiti, akavitazama vile vifuu.

"Ni wajukuu viziwi hao?"

Mwanarusi alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka. "Ni wao."

"Ninakuita kila siku njiani," alisema Mbodze ghafla. "Mwanzo nilidhani na wewe ni kiziwi."

"Ninakusikia."

"Basi mbona huitiki?"

Mwanarusi alikizungusha kifuu cha Paka. "Kisauni nilikuwa na rafiki. Nilipoondoka hata sikumuaga vizuri. Nikizoeana na wewe, kisha nihamishwe tena?"

"Nami nililetwa," alisema Mbodze. "Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Ndiyo maana nilikuwa nikikuita wewe, sikuwaita hao wengine."

Bibi alikuja na vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akaviweka chini, akarudi jikoni akijifanya ana shughuli nyingi.

"Hebu nieleze," alisema Mbodze. "Wa Scratch walisikiaje, na hawa wasisikie?"

"Kule ukimpa mhusika agizo lake, Scratch yenyewe inakumbuka kwamba anangoja mwito. Hapa nimewapa maagizo, lakini wamelala tu."

Mbodze alifikiri, akakuna shavu. "Baba akinunua mbuzi wapya mnadani, hawaji akiwaita. Akipiga mluzi, wale wa zamani wanakuja mbio, wapya wanaendelea kula. Si viziwi. Bado hawajawa wa zizi lake. Basi kwanza anawatia zizini na wenzao, anawalambisha chumvi, na huku anapiga mluzi. Hao wako umewatia zizi gani?"

Mwanarusi aliviangalia vifuu vilivyotapakaa sakafuni, kila kimoja pembe yake. Kisha akautazama mkeka wa Bibi uliotandikwa uani, na ile nafasi iliyoachwa wazi.

"Hawajaketi," alisema polepole. "Mbodze, hawajaketi mkekani! Bibi anaita, lakini hakuna aliyeandikwa kwamba yupo. Anaita ua mtupu!"

Akavichukua vifuu vyote akakimbia navyo mkekani, naye Mbodze akamfuata. Wakaweka sheria: mhusika akitaka kuitwa, sharti kwanza aketi mkekani. Bibi akiita, neno linapita mkekani kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, linamgusa kila mmoja, naye anafanya lake. Anayeondoka mkekani haguswi, wala hapaachi pengo. Anayekuja anaketi tu. Mbodze alikwenda akaokota kokwa la embe, akaliketisha. "Punda huyu!"

"Kitendawili!" Mwanarusi aliita, akipitisha kidole.

"Tega, tega, tega, tega!" aliitikia Mbodze kwa sauti nne, ya mwisho ya kipunda kabisa, mpaka Bibi jikoni akashindwa kujizuia kucheka.

Jumatatu, Mwanarusi alimngoja Mbodze njiani. Walifika mapema, wakaomba kufunguliwa chumba cha kompyuta. Mwanarusi akaandika orodha tupu, akaiita mkeka. Akaandika agizo la kumketisha mhusika mkekani, na agizo la kuita, lipite mkekani na kumpa kila aliyeketi neno lake. Mara ya kwanza kompyuta ilikataa. Mbodze akafuatilia mistari kwa kidole, akakuta mabano yaliyofunguliwa yasifungwe. Wakayafunga. Wakabonyeza.

Bibi aliita, na wote wakaitikia.

Mwanarusi alitazama skrini, na furaha yake ikaingia doa. Mwito sasa ulikuwepo. Angeweza kusema kompyuta ilikuwa mbovu kweli na sasa imepona. Hakuna ambaye angejua. Video ingekwenda Maskati, na Mama angeona.

Wanachama walipoingia, alisimama.

"Mwalimu, kabla sijaonyesha, nina neno. Kompyuta haikuwa mbovu. Nilishindwa kutengeneza mwito, nikawapanga wahusika waseme kwa zamu, nikasema ni mwito. Nilidanganya. Na huu wa leo sikuupata peke yangu. Mbodze ndiye aliyeniuliza swali nililokuwa nimelikimbia. Ukitaka kumpeleka Husna Matuga, ni haki."

Wanachama wote walimgeukia Mwalimu.

"Tuone," alisema Mwalimu Caroline. "Ramadhani, ongeza Punda."

Ramadhani akamwandika Punda, akamketisha mkekani kwa mstari mmoja, akabonyeza. Punda akasema "Tega!" pamoja na wenziwe.

"Alaa! Punda kasema!"

"Sauti yake kama yako," alisema Husna, na safari hii Mwanarusi alicheka pamoja nao.

Mwalimu Caroline akamtoa Kobe. Hapakuwa na pengo. Akanyoosha mgongo. "Programu hii itakwenda Matuga, na wataionyesha wawili, Mwanarusi na Mbodze. Lakini sikiliza, Mwanarusi. Ijumaa ulikuwa na kitu kinachofanana na kazi, na hakikuweza kuongezwa hata mtu mmoja. Uwongo ndivyo ulivyo. Hauna nafasi ya mtu mwingine." Kisha akatoa simu yake. "Haya, rudieni tena, niwarekodi majaribio."

Jioni ile video ilikuwa imeshatumwa Maskati. Jibu halikuwa limerudi. Mama huenda alikuwa bado anapiga pasi nguo za watu. Mwanarusi aliitazama simu mara moja tu, akaiweka ndani ya begi. Bado alihisi ule utupu kifuani, mahali pa dirisha la buluu. Haukuondoka. Lakini alivua viatu, akaketi mkekani, kwenye ile nafasi. Mbodze, aliyekuja kuchukua kile kitambaa cha kufunikia sahani, akaketi kando yake.

Bibi Mwanatumu aliwatazama, akajifunga leso vizuri kama mtu anayejiandaa kwa shughuli kubwa.

"Kitendawili!"

"Tega!" waliitikia wote wawili.

Bibi akajifuta jicho kwa ncha ya leso, akasingizia moshi. "Nikimwita, huniita. Nikinyamaza, hunyamaza. Nani huyo?"

"Kasuku?" alijaribu Mbodze.

"Siye. Kasuku hasubiri kuitwa."

"Kivuli?" alisema Mwanarusi.

"Kivuli hakina mdomo. Mmeshindwa! Nipeni mji."

Mbodze alitazama upande wa mwenziwe. Mwanarusi alivuta pumzi.

"Tunakupa Maskati, Bibi."

"Aa, Maskati! Mji mzuri huo, nimeupokea." Bibi alifumba macho. "Basi nikaenda, nikaenda, nikafika Maskati. Nikabisha hodi kwenye nyumba kubwa. Akanifungulia mama yako. Amekonda kidogo, lakini hajambo. Akaniambia, 'Mama, mwanangu anaketi na nani jioni?' Nami nikamwambia, 'Jana ningeona haya kukujibu. Leo anaketi na mwenziwe, na anaitika.' Akacheka mpaka akaangusha pasi." Akafumbua macho. "Jibu lenyewe ni mwangwi, wanangu. Ukiita pangoni, mwangwi ndio unaokujibu. Lakini ni sauti yako mwenyewe inayokurudia."

Mwanarusi aliegemea bega la bibi yake.

"Ndiyo maana nawaambia," Bibi aliendelea, akiuchukua ukili wake. "Mtu asiyewaitikia wenziwe, rafiki yake ni mwangwi peke yake. Na anayejipamba kwa uwongo ni vile vile. Hata akisifiwa, asifiwaye si yeye. Wito haukataliwi, likataliwalo ni neno. Ukiitwa, itika kwanza, kwa jina lako la kweli. Mengine yatafuata." Akavuta uzi wa ukili, akaukaza. "Haya, ni zamu yako, Mbodze. Huko Kinango mnatega nini?"

Mbodze akakaa sawa, akasafisha koo.

"Kitendawili!"

Na Mwanarusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitika.